Tulipoagana na Sema

Wenzetu walioandika katika kitabu hiki wamechagua mambo mazito: sala, toba, ndoa, utoaji. Sisi tunaofundisha Shule ya Jumapili hapa Lupingu tuliombwa tuandike juu ya watoto na imani. Tulikaa jioni tatu bila kuandika neno, kisha tukakubaliana kwamba kuna jambo moja tu tunaloweza kulisema kwa ukweli, nalo linahusu katuni. Tunamwomba msomaji asifunge kitabu.

Kwa ndugu wa Njombe mjini na wa Makambako ambao hawajafika kwetu, Lupingu iko chini kabisa, pale milima ya Livingstone inapoishia katika Ziwa Nyasa. Ukitoka Ludewa unashuka kwa kona nyingi mpaka masikio yanaziba, na joto linakupokea kabla ya wenyeji. Tunavua dagaa na mbasa, tunalima mihogo, mama zetu wanafinyanga vyungu. Anayetaka kusafiri hupanda mlima au hungoja meli. Habari ya meli tutairudia.

Katuni yenyewe inaitwa Super Sema. Ilianza kuonyeshwa YouTube tarehe 8 Machi 2021, Siku ya Wanawake Duniani. Imetengenezwa na kampuni ya Kukua ya Nairobi, na Lupita Nyong'o, yule Mkenya aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014, ni miongoni mwa watayarishaji wake wakuu. Sema ni msichana mdogo anayeishi na pacha wake, MB, katika mji unaoitwa Dunia. Mji huo unasumbuliwa na Tobor, roboti mwenye akili nyingi asiye na moyo. Tobor anabuni hila, MB anachakarika na vifaa vyake mpaka kinatoka chombo kipya, Sema anaingia kazini, na mji unaokolewa kwa kichwa zaidi kuliko kwa ngumi. Sehemu moja ni ya dakika chache tu, mtoto hajamaliza kutafuna muhogo wake imekwisha.

Aliyetuletea ni kijana wetu mmoja anayesoma chuo. Alikuja likizo mwaka 2022 na sehemu nyingi kwenye flashi. Tulikuwa na projekta ya usharika, ambayo kazi yake ilikuwa semina, na betri ya sola. Jumamosi jioni, kwaya ya watoto ikimaliza mazoezi, tulitundika shuka ukutani tukawaonyesha sehemu mbili au tatu. Kiingereza kilikuwa kikwazo, basi mmoja wetu akawa anasimama kando na kutafsiri kwa sauti, kama wanavyofanya wale wa vibanda vya video. Na kama wao, aliongeza ya kwake. Katika tafsiri yake Tobor aliwahi kudaiwa ushuru wa mnadani.

Kwa muda wa miezi kadhaa hakuna mtoto aliyekosa Jumamosi. Walifunga khanga za mama zao shingoni zikawa zinapepea mgongoni, wakaruka kutoka kwenye mitumbwi iliyopandishwa ufukweni. Wazazi walilalamika juu ya khanga. Juu ya katuni walikaa kimya, isipokuwa mzee mmoja wa kanisa, ambaye tutamsikia.

Sifa zipo, na tuanze nazo. Kwa mtoto wa Lupingu, kusikia shujaa anaitwa Sema, na mji anaouokoa unaitwa Dunia, ni kitu kigeni. Siku ya kwanza walicheka, kicheko cha mtu anayesikia jina la kijiji chake likitajwa redioni. Wamezoea kwamba mwenye nguvu za ajabu ana jina ambalo ulimi unajikwaa nalo, na anaokoa mji wenye maghorofa. Hapa shujaa ni mtoto wa Kiafrika, na silaha yake ni kufikiri. Kuna watoto wetu wawili walioanza kupenda hesabu kwa sababu hiyo, nasi hatuoni haya kusema kwamba katuni ilifaulu mahali tuliposhindwa.

Lakini tulichokipenda kuliko vyote ni namna dada na kaka wanavyoishi. Sema ndiye anayeonekana, MB ndiye anayeunda, na hakuna anayemwonea mwenzake wivu. Ukifundisha habari za Kaini na Habili, za Yakobo na Esau, za Yusufu na ndugu zake, na hata Miriamu na Haruni walivyomnung'unikia Musa, unachoka kutafuta katika Biblia ndugu wanaofanya kazi pamoja bila kisirani. Labda Andrea na Simoni, na hao tunawaona kwa mbali.

Upungufu wake nao upo. Kwanza ni ile haraka, kwamba kabla tatizo halijauma limeshatatuliwa. Halafu Tobor. Ubaya wake unaelezwa kwa jambo moja, kwamba hana moyo, na mtoto anaondoka akijua kwamba mbaya ni mashine. Herode alikuwa na moyo. Marko anatuambia kwamba alihuzunika sana alipoombwa kichwa cha Yohana, na bado akatoa amri (Mk. 6:26–27). Mtu wa namna hiyo watoto wetu watakutana naye mara nyingi kuliko roboti.

Mzee wetu wa kanisa alikuwa na shutuma nyingine. Alisema tunawafundisha watoto kumngojea mwokozi mwingine. Tulimheshimu na tukamjibu kwamba Sema hadai kuokoa roho ya mtu, anaokoa bomba la maji na soko. Hatukumshawishi. Leo tunadhani sisi na yeye tulikuwa tunatazama upande usio na hatari. Hatari ya Super Sema, kama ya karibu kila katuni ya mashujaa, ni kwamba msaada unafika kwa wakati siku zote. Katika sehemu zote tulizoziona hatukumwona mtu aliyepotea asirudi. Hakuna anayeagwa. Katuni ya namna hii haijui kuaga, kwa kuwa imejengwa juu ya ahadi kwamba kesho kuna nyingine.

Tungeishia hapo kama wahakiki wengine, kama tusingekuwa na MB wetu.

Alikuwa mtoto wa miaka tisa. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alikuwa haachi kuunda vitu. Aliwahi kutengeneza mashua ya kopo yenye mota ya redio mbovu, ikaenda hatua kumi majini kabla ya kuzama, na watoto walishangilia ilivyozama kuliko ilivyokwenda. Alikuwa na ugonjwa wa siko seli. Wiki nyingine alikuwa mzima wa kukimbizana, wiki nyingine hakuweza kuinua mkono kwa maumivu ya viungo.

Sasa tunaandika jambo ambalo ni gumu kwetu. Tulimwambia atapona. Hatukumwambia kama mtu anayeomba, tulimwambia kama mtu mwenye taarifa. Tulimsimamisha mbele ya usharika tukamwombea, na mwezi uliofuata, alipokuwa na nafuu, tulimsimamisha tena atoe ushuhuda. Alitoa vizuri, watu wakapiga makofi na vigelegele. Maumivu yaliporudi aliyaficha siku mbili. Mama yake ndiye aliyetueleza baadaye. Mtoto aliogopa kuharibu ushuhuda wake.

Aliondoka usiku, na meli, kwenda hospitali ya mbali, amefunikwa blanketi. Watoto wenzake hawakupelekwa gatini. Tuliona wamelala, na tuliona haina haja, maana angerudi. Wiki ya tatu tulipata simu. Alizikwa huko huko kwa bibi yake, na darasani tukasema, "MB amesafiri." Wazazi wengine walitushukuru kwa busara hiyo.

Jumamosi zikaendelea. Mtafsiri wetu akaanza kuliruka jina la MB. Kila lilipokuja alisema "kaka yake Sema". Hatukupanga hivyo, ulimi wake tu ulikuwa unakataa. Watoto waligundua siku ile ile ila hawakuuliza.

Kisha flashi ikaisha. Sehemu ya mwisho tuliyokuwa nayo ilikwisha kama zilivyokwisha nyingine, mwanga ukabaki mweupe kwenye shuka, wadudu wakauzunguka. Watoto walikaa. Wakauliza kama imeisha, tukasema imeisha. Wakauliza Sema ameenda wapi. Mmoja wetu akaanza kueleza kwamba katuni hutengenezwa na watu, na kwamba inahitaji fedha. Msichana mmoja wa darasa la nne akamkatiza, "Mwalimu, ameenda alikoenda MB?"

Hatukujua alikuwa anauliza juu ya MB yupi. Tukaanzisha wimbo wa kufunga.

Tuliporudi nyumbani usiku ule tuligundua kwamba tumewafanyia watoto wetu kile kile ambacho katuni imewafanyia. Yule waliyempenda aliondolewa kwenye shuka, na hakuna aliyewaambia kwaheri. Tena katuni ina udhuru, maana ni katuni. Sisi ni kanisa. Tuliangalia ibada zetu za mwaka mzima. Shuhuda zote ni za waliopona, waliopata kazi, waliofaulu mtihani. Hatukumbuki Jumapili hata moja ambapo mtu alisimama akasema, niliomba, mwanangu akafa, na bado niko hapa. Watu wa namna hiyo wamejaa kwenye mabenchi yetu, ila kipaza sauti hakiwafikii.

Kijana wetu wa chuo aliporudi tena, mwaka 2023, tulimweleza. Alitupa filamu nyingine ya Kenya, nayo ndiyo tunayotaka hasa kuijadili mbele ya wasomaji wa kitabu hiki. Inaitwa Supa Modo. Imeongozwa na Likarion Wainaina, ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 2018, na Kenya iliipeleka kugombea Oscar. Watu wake wanazungumza Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza, basi mtafsiri wetu alipumzika kidogo.

Jo ni msichana wa miaka tisa. Anakufa, na madaktari hawana la kufanya zaidi. Mama yake anamtoa hospitalini na kumrudisha kijijini. Jo anapenda sinema za mapigano na mashujaa wenye nguvu za ajabu, na anaota kuwa mmoja wao. Dada yake mkubwa, Mwix, hawezi kuvumilia kumwona amelala ndani akingoja kufa. Anamshawishi kwamba nguvu hizo anazo kweli, na anakwenda nyumba kwa nyumba kuomba kijiji kizima kiigize. Watu wanaigiza. Mtoto anaamini kwamba ana uwezo. Mama yao anapogundua anakasirika.

Hapa tuligawanyika. Wengine wetu walisema mama ana makosa, anamnyima mwanawe furaha ya siku zake za mwisho. Wengine walisema mama ndiye mtu pekee anayemheshimu Jo, maana ndiye anayekataa kumdanganya. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Na tulijua kwamba hatubishani juu ya Jo. Sisi tulikuwa Mwix na kile kijiji. Tofauti ni kwamba Mwix alimpa Jo mchezo, sisi tulimpa MB mzigo. Mtoto ambaye kijiji kinamwigizia kwamba ana nguvu anaweza kucheka. Mtoto ambaye kanisa linamwambia kwamba akiamini atapona, akiumwa tena anajihesabu mkosaji.

Wainaina hauachi ule uongo ukae. Jo si mjinga, anajua kwamba anakufa. Filamu inageuka pale watu wanapoacha kuigiza mbele yake na kuanza kuigiza pamoja naye. Kijiji kinaamua kutengeneza sinema, na Jo ndiye shujaa wa sinema hiyo. Kila mtu sasa anajua kwamba ni maigizo, na yeye Jo anajua. Nguvu zake si za kweli na hakuna anayedai ni za kweli. Kinachobaki ni watu wanaokesha na mtoto wakifanya kitu anachokipenda, huku wakijua mwisho. Kisha Jo anakufa, na kijiji kinabaki na sinema yake.

Hatusemi haina kasoro. Kijiji kile ni chema kupita kiasi. Kwetu, siku ya kwanza tu mtu angeuliza posho ya kikao ni kiasi gani. Na kuna mahali muziki unamkamua mtazamaji machozi ambayo angeyatoa mwenyewe akiachwa. Lakini kwa jambo lile moja, la kumpeleka mtoto mpaka mwisho bila kumwacha na bila kumdanganya, hatujaona filamu ya jirani zetu iliyofanya vizuri zaidi.

Tulipomwambia yule kijana kwamba tumeamua katuni za mashujaa hazijui kuaga, alitukatalia. Akasema tunazihukumu kwa kuona moja. Akatueleza habari ya Kevin Conroy, Mmarekani aliyempa Batman sauti katika katuni tangu mwaka 1992, na aliyefariki Novemba 2022. Wapenzi wa katuni zile walimlilia katika nchi nyingi, watu wazima wenye watoto wao. Kijana akatuonyesha kwenye simu yake sehemu moja ya mwaka 2005, ya mfululizo wa Justice League Unlimited, ambayo watengenezaji wake waliifikiria kama hitimisho la hadithi zao.

Kuna msichana anaitwa Ace. Serikali ilimchukua akiwa mdogo ikamfanya silaha, na sasa akili yake ina nguvu ya kubadili kila kitu kilicho karibu. Anakufa, na inahofiwa kwamba kufa kwake kutaua watu wengi. Batman anakabidhiwa kifaa cha kumuua kwanza. Anaingia peke yake, na Ace anajua amekuja na nini. Batman hakitumii. Ace anamwomba abaki naye kwa sababu anaogopa, naye anakaa kwenye bembea iliyo jirani na ya mtoto mpaka mtoto anakata roho.

Dakika hizo ni chache, na tulizitazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Hakuna hila ya mwisho wala chombo kipya cha kumponya. Mtu mwenye nguvu kuliko wote mjini anakaa tu. Mmoja wetu akasema hivi ndivyo walivyoshindwa kufanya wale watatu kule Gethsemane, walipoombwa wakeshe saa moja. Kwa hiyo tunafuta hukumu yetu ya kwanza. Katuni inaweza kuaga, ila inabidi iwe tayari kumwacha shujaa wake ashindwe.

Swali likabaki kama tuwaonyeshe watoto Supa Modo. Tulikwenda kwa mzee wetu wa kanisa, yule aliyepinga, kwa sababu tulitaka mtu wa kutuzuia. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama tunakumbuka habari za Elisha siku aliyoondolewa Eliya. Wanafunzi wa manabii walimwuliza kule Betheli, na tena Yeriko, kama anajua kwamba bwana wake anaondolewa siku hiyo. Elisha aliwajibu kwamba anajua, wanyamaze (2 Fal. 2:3–5). "Alijua," mzee akasema. "Kwa hiyo hakumwacha njiani hata hatua moja. Angefichwa, angebaki Gilgali." Kisha akaongeza, na hatukutegemea, kwamba lile vazi la Eliya lililoanguka watoto wataliita joho la shujaa, na tusiwakataze.

Basi tukawaonyesha. Mzee alikaa kwenye kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti. Watoto walicheka sana nusu ya kwanza. Nusu ya pili walisogeleana. Filamu ilipokwisha hatukuanzisha wimbo. Yule msichana, sasa wa darasa la tano, alisimama kama wanavyosimama darasani, mikono nyuma.

"Shikamoo, mwalimu. Kwa hiyo MB alikufa?"

"Marahaba. Ndiyo, alikufa."

Tuliwaambia mwezi, mahali, na kwamba amezikwa kwa bibi yake. Mvulana mmoja akauliza kwa hasira kwa nini tulisema amesafiri. Tulikuwa na majibu mengi, yote ya watu wazima. Tukasema tulidanganya, na kwamba tulikuwa tunaogopa, na tukawaomba radhi. Wengine walilia. Yule mvulana hakutusamehe siku ile, na tunadhani alikuwa na haki hiyo. Alikaa Jumapili mbili haji.

Mzee ndiye aliyepata la kufanya. Alisema Paulo alipoondoka Mileto aliwaambia wazee wa Efeso wazi kwamba hawatamwona uso wake tena, nao hawakumwambia anene maneno ya heri. Walipiga magoti pamoja naye, wakalia, wakamwangukia shingoni, wakamsindikiza mpaka merikebuni (Mdo. 20:36–38). Sisi watu wa ziwani, akasema, tunaisoma habari ile kama ya nchi za mbali, na gati liko hapo. Siku MV Mbeya II ilipopita tuliwapeleka watoto kusimama mahali ambapo MB alipandia. Mzee aliomba kwa kifupi. Mama yake MB alikuwepo, ameshika ile mashua ya kopo, ambayo kumbe ilikuwa imeopolewa. Hatukuuliza ataifanyia nini, naye aliondoka nayo.

Jumamosi iliyofuata tuliwauliza watoto wanataka kuona nini. Walichagua ile sehemu ya mwisho ya Super Sema, ambayo walikuwa wameshaiona. Wakamwomba mtafsiri asitafsiri, maana wanaijua. Alikaa nao chini, mara ya kwanza tangu tuanze. Ndiyo maana tuliiona kwa namna nyingine, bila ushuru wa mnadani na bila maneno yetu juu ya maneno yao, na tulikiri kwamba ni katuni nzuri, yenye rangi safi na mapacha wanaopendana. Watoto walikuwa wanasema maneno ya Kiingereza sambamba na picha, na jina la MB lilipofika walilisema wote kwa sauti.

Ilipokwisha na mwanga ukabaki mweupe kwenye shuka, mdogo wao mmoja, wa chekechea, alisogea akapunga mkono mpaka kivuli chake kikajaa ukuta.

"Haya, Sema, kwaheri. Msalimie MB."

Tulimtazama mzee, maana tulijua ana neno juu ya jambo hilo. Alikuwa anatafuta fimbo yake gizani. Mmoja wetu akamulika kwa simu, tukazima projekta ili betri ibaki kwa ibada ya asubuhi.